Siku za Kushusha

Katika klabu ya baiskeli walimwita Hadubini, na jina hilo lilimkaa kama nguo ya kupimwa. Kazi yake ilikuwa maabara ya hospitali, kuchungulia damu za watu kwenye kioo tangu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, lakini hata nje ya maabara hakuna kilichompita. Mnyororo wa mtu ukikosa mafuta, yeye ndiye aliyeusikia wa kwanza. Mwenzake akificha maumivu ya goti, alimtazama tu anavyoshuka ngazi akajua. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mwembamba, mchache wa maneno, na kwa misimu mitano mfululizo hapakuwa na mwanamke wa klabu ile aliyewahi kumtangulia kufika juu ya mlima wa mnara.

Mumewe alikuwa fundi baiskeli, na ndiye pia aliyekuwa mwalimu wa klabu. Dunia nzima ilimwita Fundi, mkewe akiwemo, na hata mama yake mzazi akitaka kumtuma dukani alipaza sauti, "Fundi!" Huyo Fundi alikuwa na dada, kitinda mimba wa kwao, msusi mwenye saluni ya viti viwili na mdomo usiopumzika. Yeye walimwita Cheche.

Miaka minne nyuma Cheche hakujua hata kupanda baiskeli. Hadubini ndiye aliyemshikia kiti kwa nyuma, akakimbia naye kwenye uwanja wa shule mpaka siku alipomwachia na Cheche akaenda peke yake akipiga mayowe kama mtu aliyeona nyoka. Ndiye aliyemfundisha kumenya ndizi kwa mkono mmoja bila kupunguza mwendo, kujificha nyuma ya mgongo wa mwenzake upepo unapokuwa wa uso, na kutema mate upande usio na mtu. Wakawa wifi na wifi wa kupigiwa mfano. Ukimwona huyu barabarani, mwenzake yuko mita moja nyuma.

Halafu mwaka huu, asubuhi moja ya kawaida tu, Cheche akamtangulia kufika mnarani. Hakumwacha mbali, labda urefu wa nyumba tatu. Hadubini alipofika alimkuta amekaa juu ya jiwe, jasho linamtiririka, uso umejaa wasiwasi.

"Wifi, unaumwa leo?" Cheche aliuliza, na aliuliza kwa moyo safi kabisa.

Afadhali angemcheka. Kwa kicheko angekuwa na la kujibu.

Tangu siku hiyo Hadubini alianza kuhesabu mambo. Alihesabu mara ngapi Fundi alimtaja dada yake mezani. Aliona jinsi macho ya mumewe yalivyowaka akisimulia namna Cheche anavyokata kona. Aliona siku magurudumu mepesi, yale ambayo Fundi aliyahifadhi karakana mwaka mzima yakiwa yamefunikwa shuka, yalipotolewa na kufungwa kwenye baiskeli ya Cheche. Hakuuliza. Alitegemea ataambiwa, na hakuambiwa.

Mchana mmoja alimpelekea Fundi chakula karakana. Mumewe alikuwa amechuchumaa nyuma ya baiskeli ya mteja, hakumwona akiingia.

"Mimi kwangu nina mchapakazi mmoja na kipaji kimoja," Fundi alikuwa anasema.

Mteja akacheka. "Mchapakazi ndiye yupi?"

Fundi hakujibu, alikuwa ameshaweka spana mdomoni. Lakini jibu la nini? Hadubini aliweka bakuli juu ya meza, akaaga, akatoka. Njia nzima ya kurudi hospitali alilitafuna neno lile. Mchapakazi! Punda naye ni mchapakazi.

Yalipobaki majuma mawili kabla ya mashindano makubwa ya mwaka, kilomita mia na ishirini katika mji mwingine, Fundi aliwakalisha wote wawili kwenye meza ya jikoni akafungua daftari lake.

"Mazoezi yamekwisha," alisema. "Sasa tunashusha. Miguu yenu imebeba uchovu wa miezi mitano, nyinyi hamuusikii lakini upo. Tukiwapunguzia safari, uchovu utatoka na nguvu itabaki. Mkiongeza hata kidogo, mnajiharibia. Wiki hizi mtu hajengi kitu, anaweza kubomoa tu."

"Hata mlima mmoja?" Cheche aliuliza.

"Hata kilima cha mchwa. Mke wangu, wewe unaanza leo. Cheche ataanza wiki ijayo. Yeye mdogo, anapona haraka, bado nina siku tano za kumfanyisha kazi."

Basi ile wiki ya kwanza ikawa adhabu. Kila alfajiri Fundi na dada yake walitoka pamoja. Hadubini, aliyeamriwa alale, alilala macho wazi akisikiliza magurudumu yakitikatika kupita chini ya dirisha, na kicheko cha Cheche kikiishia kwenye kona ya duka. Kisha nyumba ikawa kimya. Aliamka, akatandika mkeka, akanyoosha misuli ambayo haikuwa na kazi. Alisugua jiko mpaka likang'aa. Alipanga vikombe kwa ukubwa, akavipangua, akavipanga kwa rangi.

Na mwili nao ukamgeuka. Ndivyo mwili uliozoea tabu unavyofanya ukinyimwa tabu: miguu ikawa mizito, goti lililokuwa zima likaanza kulia, suruali akaiona inambana. Kazini aliwafokea watu kwa sababu ya kifuniko cha chupa. Alijua ni dalili za kushusha, Fundi alishawaeleza zamani, lakini kujua ni jambo moja na kukaa kwenye mkeka huku mumeo yuko barabarani na kipaji chake ni jambo jingine.

Siku ya nne mama mkwe alipita kuwasalimia. Alikuwa mama mwenye sauti ya upole na maneno yanayotua popote.

"Kumbe umepumzishwa, mkwe wangu? Vizuri. Umri nao una haki yake. Huyu wangu nadhani ana mapafu ya marehemu baba yake, hachoki! Jana ametoka safari ndefu, akasuka vichwa vitatu, akaja kunifulia."

"Ana nguvu, mama," Hadubini alisema, akammiminia chai.

"Fundi anasema mwaka huu kombe linakuja nyumbani."

"Amesema nani atalileta?"

Mama mkwe akapuliza chai yake. "Kwani si nyote wangu?"

Jumatatu ya wiki ya mwisho Fundi aliitwa na waandaaji atangulie kwenye mji wa mashindano, akasaidie kukagua baiskeli za wageni. Wao wangemfuata Ijumaa kwa basi. Kabla ya kuondoka alimkabidhi mkewe daftari.

"Ya kwako unaijua. Ya Cheche iko ukurasa wa pili. Msomee wewe kila siku, mwandiko wangu hauwezi, na ukimwachia atajiongezea. Kazi yako ni kumzuia."

"Nimekuelewa."

"Hakuna mwingine ninayeweza kumwachia," Fundi alisema, akambusu kwenye paji la uso, akaenda.

Kweli mwandiko wa Fundi ulikuwa kama kuku amekwangua vumbi. Hadubini, aliyezoea kusoma vyeti vya madaktari, aliusoma bila shida. Jumanne: dakika arobaini, mwendo wa kuongea, mbio fupi tatu. Jumatano: lala. Alhamisi: nusu saa. Ijumaa: safari. Jumamosi: dakika ishirini za kuamsha miguu.

Jumanne jioni Cheche alikuja mbio kutoka saluni, bado ana nyuzi za nywele begani. "Haya mwalimu, nisomee hukumu yangu."

Hadubini alifungua daftari. Baadaye, kila alipojiuliza, hakuweza kusema kwamba alikuwa amepanga. Aliona maneno "dakika arobaini" mbele ya macho yake, meusi, wazi, na mdomo wake ukasema kitu kingine.

"Saa mbili nzima. Mlima wa mnara mara tatu, kwa nguvu."

Cheche akakunja uso. "Si kaka alisema tunapunguza?"

"Wewe mdogo, unapona haraka. Ndivyo alivyoandika."

"Sawa bwana!" Cheche akavaa kofia yake, akaondoka akipiga mluzi.

Hadubini alibaki amesimama mlangoni, mapigo ya moyo yakienda mbio kuliko mlimani. Angeweza kumwita. Cheche alikuwa bado hajafika kwenye kona ya duka, sauti ingemfikia. Aliingia ndani akafunga mlango.

Jumatano, siku iliyoandikwa "lala", alimsomea mlima mara tano. Ilikuwa rahisi kuliko jana. Alhamisi alimsomea saa moja na nusu za mwendo wa mashindano. Jioni hiyo Fundi alipiga simu, na Hadubini akamsikia Cheche akimjibu, "Kaka, usiwe na shaka, nafuata daftari neno kwa neno. Wifi hanipi nafasi hata ya kupumua!" Akakata simu, akacheka, kisha akakaa kwenye kiti cha jikoni na kusinzia kofia ikiwa kichwani.

"Wifi," alisema alipozinduka, "miguu yangu ni kama imejazwa mchanga. Leo nimemsuka mteja nywele za kulia, nikasahau kushoto, nikamwambia amependeza. Mpaka aliposimama mbele ya kioo."

"Ndivyo kushusha kulivyo," Hadubini alimjibu. "Hata mimi najisikia hivyo hivyo."

Na hilo lilikuwa kweli, jambo lililofanya uongo wake uteleze vizuri zaidi.

Ijumaa walisafiri. Cheche alilala njia nzima, kichwa chake kikimwangukia wifi yake begani. Kila alipojaribu kukisogeza, kilirudi.

Jumamosi mchana, katika chumba cha nyumba ya wageni chenye vitanda viwili na feni iliyokuwa inalalamika, Fundi alitandaza gazeti sakafuni, akachora barabara kwa penseli.

"Mke wangu, kesho ni siku yako."

Hadubini alidhani hakusikia vizuri. "Yangu kivipi?"

"Angalia hapa. Kilomita sitini za kwanza ni vichaka na vijiji, hakuna neno. Kuanzia hapa mpaka kwenye daraja, kilomita arobaini, ni uwanda mtupu, upepo wote usoni. Hapo ndipo watu wanapokufa. Cheche atakaa mbele yako, akukatie upepo mpaka darajani. Ndio maana nimempa yale magurudumu, na ndio maana nimemfanyisha kazi wiki ya ziada. Wewe utafika darajani na miguu mizima. Baada ya hapo ni mlima hadi mwisho, na mlimani ukiwa umepumzika hakuna wa kukushika. Hata yule askari aliyechukua kombe mwaka jana."

"Na Cheche je?"

"Cheche ana miaka kumi mingine mbele yake."

Cheche alikuwa amejilaza kitandani, miguu imeegemezwa ukutani. "Mimi najua tangu mwezi uliopita! Kaka aliniapisha nisikwambie. Nilivyo na mdomo huu, wifi, nusura nipasuke."

"Kwa nini nisiambiwe?" Sauti ya Hadubini ilitoka nyembamba.

"Kwa sababu ungekataa," Fundi alisema. "Nakujua. Kusaidiwa hutaki. Ungesema utashinda mwenyewe, ungeenda kujiumiza mazoezini kwa siri. Nilitaka upumzike kwanza, ndipo nikwambie."

Hadubini alitazama ule mstari wa penseli. Alifungua mdomo, akaona uso wa mumewe, uso wa mtu aliyeficha zawadi mwezi mzima na sasa ameitoa. Akaona Cheche akijikanda ndama za miguu huku anatabasamu. Aliufunga mdomo. Alijiambia kwamba siku mbili bila mazoezi zitamtosha Cheche, yeye mdogo. Yale maneno yalikuwa yameshamsaidia mara nyingi, akayatumia tena.

Asubuhi ya Jumapili waliondoka wanawake sitini na wanne. Kilomita za mwanzo zilipita kama Fundi alivyosema. Miguu ya Hadubini ilikuwa haijawahi kuwa vile. Ule uzito wote wa wiki mbili ulikuwa umeyeyuka, baiskeli ilikwenda kama inavutwa na kamba. Kumbe mumewe alikuwa sahihi, sahihi mpaka ukucha wa mwisho, na kwa usahihi huo alizidi kuumia.

Walipoingia uwandani walikuwa wamebaki sita mbele. Cheche alimpungia mkono, akapita mbele yake, akainama, akaanza kuvuta. Upepo ulikuwa mkali kiasi cha kuyalaza majani chali. Hadubini alijificha nyuma ya mgongo ule mdogo, na huko nyuma hakuwa na la kufanya ila kutazama.

Aliona yote. Kwenye kilomita ya sitini na tano aliona mabega ya Cheche yameanza kuyumba, kushoto, kulia. Kwenye sabini aliona goti la kulia linatoka nje, kama la mtu anayekanyaga kwa hasira. Kwenye sabini na tatu aliona ndama za miguu zinatetemeka juu ya mfupa. Cheche hakupunguza mwendo. Alikuwa anavuta kwa meno.

"Pumzika kidogo, wifi!" Hadubini alimpigia kelele.

"Bado! Bado daraja!"

Kwenye kilomita ya sabini na nane Cheche aligeuza kichwa. Uso ulikuwa umemkauka chumvi, machozi yanashuka na upepo unayafuta.

"Nisamehe wifi," alisema. "Nisamehe. Miguu imekataa."

Akasogea pembeni. Hadubini akampita. Alipogeuka, alimwona amesimama kando ya barabara, ameinamia usukani, mgongo unapanda na kushuka.

Zilikuwa zimebaki kilomita ishirini na mbili za upepo. Wale wanne wengine hawakuwa wajinga. Walijua nani ni hatari mlimani, wakajipanga nyuma yake na kumwachia yeye apasue upepo peke yake. Aliposogea kando ya barabara ili wapite mbele wamsaidie, nao walisogea. Alifika darajani amechakaa. Kwenye mlima askari alimpita akiwa ameketi, bila hata kusimama juu ya pedali, na baada yake wengine wawili. Hadubini alikuwa wa nne. Cheche alifika dakika ishirini na saba baadaye, wa thelathini na moja, na ilibidi Fundi amshushe kwenye baiskeli kama anayeteremsha mtoto mgongoni.

"Kaka, nimewaangusha," hilo tu alilisema, mara tatu.

"Hukumwangusha mtu," Fundi alisema. Lakini alikuwa ameduwaa, na hakuweza kuficha. Alirudia kusoma ratiba ya dada yake kichwani, akitafuta alipokosea yeye.

Alasiri Fundi alipokwenda kupakia vifaa, mawifi walibaki chumbani. Cheche alikuwa ameoga. Aliketi sakafuni akifungua magurudumu mepesi, akayafuta moja moja kwa taulo na kuyafunika shuka.

"Unafanya nini?"

"Namrudishia kaka. Ampe mtu anayestahili." Hakuinua macho. "Mimi sio mtu wa baiskeli, wifi. Nimejidanganya. Mtu anapumzishwa wiki nzima, anachungwa kama yai, halafu anakufa njiani? Kuna kitu kibovu kwenye mwili huu. Nirudi kwenye vichwa vya watu, huko sijawahi kumwangusha mtu."

Hadubini alikuwa anakunja soksi. Akaendelea kukunja soksi ile ile.

"Hukupumzika," alisema.

"Nini?"

"Hukupumzika, Cheche. Daftari lilisema Jumanne dakika arobaini. Mimi nilikusomea saa mbili na mlima. Jumatano ilikuwa siku ya kulala. Alhamisi, nusu saa."

Feni iliendelea kulalamika. Cheche akasema taratibu, kama anayemsogezea mtu kiti, "Mwandiko wa kaka mbaya. Ulikosea kusoma."

Mlango wa kujinasua ulikuwa wazi hivyo, na Hadubini aliuona. Angeingia, wangetoka wote wakiwa salama.

"Sikukosea," alisema. "Niliusoma vizuri."

Kitu cha kwanza kilichopita usoni mwa Cheche hakikuwa hasira. "Kwa hiyo mimi si mbovu?" aliuliza. "Nilipanda mlima mara nane katika siku mbili, nikaja nikavuta kilomita kumi na nane kwenye upepo ule?" Akacheka kwa pumzi moja, mkono kifuani. Halafu kicheko kikakatika.

"Nilikuomba msamaha," alisema. "Pale barabarani. Nilikuwa nalia, nikakuomba msamaha mimi! Na wewe ukapita!"

"Nilipita."

"Kwa nini? Nimekufanyia nini?"

"Wivu," Hadubini alisema. Hakuwahi kulitamka neno hilo kujihusu, akashangaa jinsi lilivyo fupi. "Nilikuonea wivu."

"Wivu wa nini? Kila ninachojua umenifundisha wewe!"

"Ndio huo huo."

Cheche aliinuka. Miguu ilimuuma, akashika ukuta. Alichukua mkoba wake na gurudumu moja, akashindwa kubeba la pili, akaliacha. Mlangoni aligeuka. "Usimwambie mama. Atakosa pa kukaa kati yetu. Kaka utamwambia wewe, leo. Mimi siwezi."

Alimwambia Fundi nyuma ya gari la klabu, kati ya baiskeli zilizofungwa kamba. Fundi alisikiliza huku ameshika fundo moja. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Nilikwambia hakuna mwingine ninayeweza kumwachia."

"Uliniita mchapakazi," Hadubini alisema. "Karakana. Nilikusikia."

Fundi alifikiri, akakumbuka. "Nilisema," alikiri. "Na ni kweli, kipaji ni yeye. Kosa langu nililisema kwa mteja kabla sijakaa na wewe. Lakini mimi nilisema maneno. Wewe ulichukua miguu ya mtoto."

Walirudi nyumbani. Kwa wiki nyingi Fundi aliongea na mkewe habari za mkate, ufunguo na bomba la maji, basi. Cheche alihamia klabu ya upande wa pili wa mji. Kwa mama yao hakusema neno. Alisema klabu ile iko karibu na saluni. Mama mkwe alipokuja kumpa pole mkwewe kwa kukosa kombe, akamletea na mayai kumi, Hadubini aliyapokea kwa mikono miwili na kutamani angetukanwa.

Hakuacha baiskeli. Alipanda peke yake, jioni, mlima ule ule. Siku moja mwezi wa tatu tangu mashindano, Fundi alimkuta amekaa kizingitini anavua viatu, akaketi kando yake. Kisha Fundi akamwambia mnyororo wake umelegea, akauchukua akaukaza, na Hadubini akalia kama mtu aliyeambiwa habari kubwa.

Msimu mpya ulipokaribia, klabu zote zilitakiwa kupeleka cheti cha afya. Asubuhi moja Hadubini aliinua kichwa kutoka kwenye kazi yake, akamwona Cheche kwenye benchi la wagonjwa, namba mkononi. Kulikuwa na wapimaji watatu siku ile. Namba yake ilipoitwa, Cheche alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya wifi yake, akakunja shati, akanyoosha mkono.

"Habari, wifi."

"Nzuri, wifi. Funga ngumi."

Alitafuta mshipa kwa kidole, akachoma mara moja tu. Wote wawili waliitazama damu ikijaa kwenye chupa. Baada ya nusu saa majibu yalitoka. Hadubini alianza kumsomea, na Cheche akanyoosha kiganja.

"Nipe nisome mwenyewe."

Alimpa. Cheche alisoma kila mstari, mpaka tarehe, akakunja karatasi akaitia mkobani.

"Jumapili klabu yetu inapanda mlima wa mnara," alisema. "Barabara si ya mtu. Ukija, utatukuta."

"Nitakuja."

"Simsubiri mtu, lakini."

"Najua."

Cheche aliondoka, mdomo ukianza kuchangamka na mlinzi kabla hajafika hata mlangoni. Hadubini alirudi kwenye hadubini, ambako tone la damu ile lilikuwa bado chini ya kioo. Ilikuwa damu nzuri, nyekundu, iliyojaa, bora kuliko yoyote aliyoipima mwezi ule, bora kuliko ya kwake. Akausikia wivu ukipanda taratibu kifuani. Alijua ni nini sasa, na aliuita kwa jina lake. Akakitoa kile kioo, akakiweka panapowekwa vioo vilivyokwisha kazi, akanawa mikono.

"Anayefuata!" aliita.